Mkufunzi Apimwe kwa Mkono Wake: Barua ya Wazi kutoka Lamu

Kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Elimu, Mamlaka ya Mafunzo ya Kiufundi TVETA, na Idara ya Afya ya Kaunti ya Lamu

MINTARAFU: MASHARTI YA KUWAANDAA NA KUWASAJILI WAKUFUNZI WA KOZI ZA AFYA YA JAMII

Waheshimiwa,

Tunaomba jambo moja. Kabla jina la mkufunzi wa afya ya jamii halijaandikwa katika sajili, aonekane akiifanya kwa mikono yake kazi anayotaka kuifundisha, mbele ya wanafunzi na mbele ya mtahini anayeijua kazi hiyo. Na mtihani huo ufanyiwe hapa Lamu.

Sababu yake ni hii. Mtoto wa miezi minane akihema mara 50 au zaidi kwa dakika, mhamasishaji wa afya aliyefika nyumbani hana la kungoja. Mtoto huyo anahitaji matibabu siku hiyo hiyo. Mtoto akishatimiza mwaka, mpaka hushuka hadi 40. Nambari hizo mbili kila mkufunzi anazijua na ataziandika ubaoni bila kufungua kitabu. Kuhesabu ndiko kunakoharibika. Mwanafunzi huhesabu nusu dakika kisha akazidisha mara mbili, na akikosea pumzi tatu amekosea sita. Huhesabu mtoto akiwa analia au ananyonya. Huhesabu kuingia na kutoka kwa pumzi kama pumzi mbili. Hutazama kifua kilichofunikwa kanga. Mkufunzi ambaye hajawahi kukaa dakika nzima, saa mkononi, akitazama tumbo la mtoto likipanda na kushuka, hatayaona makosa hayo kwa mwanafunzi wake, na cheti chake hakitatuambia kwamba hayaoni.

Msingi wa sheria upo tayari. Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya 2013 inamtaka anayefundisha katika taasisi ya kiufundi awe amesajiliwa na TVETA. Mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo, uliotokana na sheria ya 2014, umezipanga sifa kwa ngazi, na kanuni inayofuatwa ni kwamba mkufunzi awe walau ngazi moja juu ya wanafunzi wake: darasa la cheti cha ngazi ya 5 lifundishwe na mwenye diploma ya ngazi ya 6 au zaidi. Juu ya hayo anatakiwa awe amesomea ualimu. Kutahini ni kibali kingine, kinachopitia kwa CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya mafunzo ya kiufundi. Yote hayo tunayaunga mkono. Kozi inayogusa uhai wa watu haifai kufundishwa na yeyote aliyejitokeza.

Ila masharti hayo yanamkamata mkufunzi wa chuoni peke yake. Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya 2023 imewatambua wahamasishaji wa afya ya jamii, na Septemba mwaka huo serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahamasishaji wapatao laki moja mikoba yenye kipimo cha shinikizo la damu, kipimo cha sukari, kipimajoto, mizani na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Anayewafundisha kuvitumia vifaa hivyo huku vijijini mara nyingi hana zaidi ya karatasi ya semina ya siku chache ya mkufunzi wa wakufunzi, tena ya mradi uliokwisha kufunga milango. Na pengine ni mtu yule yule: wiki hii yuko darasani mjini, wiki ijayo yuko Siyu au Kiunga. Leseni iwe moja, na imfuate kote anakofundisha.

Sasa tuueleze mtihani tunaoupendekeza, maana ombi lisilo na vipimo halitekelezeki.

Uwe na vituo sita, kila kimoja dakika 20. Katika kila kituo mwombaji afanye kazi mwenyewe kwanza. Kisha amfundishe mwanafunzi mmoja kazi hiyo hiyo. Kisha aletewe mwanafunzi mwingine aliyeagizwa na mtahini akosee makusudi, na mwombaji alione kosa hilo na kulisahihisha bila kumvunja moyo. Sehemu hii ya tatu tungeipa nusu ya alama. Kufanya vizuri ni sifa ya mhudumu. Kuliona kosa likiwa mikononi mwa mtu mwingine, kabla halijafika kwa mgonjwa, ndiyo kazi ya mkufunzi.

Kuhesabu pumzi tumekwisha kukueleza. Utepe wa mkono nao unaonekana mwepesi hata madarasa mengi huupitia kwa dakika tano. Ni kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na hupimwa mkono wa kushoto. Kiwiko hukunjwa ili ipatikane katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, hapo hutiwa alama, kisha mkono hunyooshwa na kulegezwa uning'inie ndipo utepe uzungushwe. Makosa mawili hurudi darasa baada ya darasa: mkono kubaki umekunjwa, na utepe kukazwa mpaka ngozi ikafinyika. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali; kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano. Milimita chache za kukaza humtia mtoto mzima katika njano, na milimita chache za kulegeza humficha mtoto anayedhoofika mbele ya macho ya mama yake. Mwombaji apime watoto watatu, mtahini apime hao hao, na tofauti yao isizidi milimita 5.

Kituo cha kuharisha kiwe na pakiti za ORS, yaani chumvichumvi za kuchanganywa na maji, za ukubwa tofauti, kwa makusudi. Ipo pakiti ya lita moja na ipo ya nusu lita, na anayefundisha kwa mazoea bila kusoma maandishi ya pakiti anaandaa hatari: pakiti ya lita moja ikitiwa katika nusu lita ya maji, chumvi huzidi na mtoto huzidi kukaukiwa. Chombo cha kupimia kiwe kile kilichomo majumbani. Chupa ya maji ya nusu lita iko kila nyumba. Jagi la kupimia la maabara halipo. Dawa iliyochanganywa humwagwa baada ya saa 24. Zinki hupewa miligramu 20 kwa siku mtoto wa miezi sita na zaidi, na 10 aliye chini ya hapo, siku 10 hadi 14. Mkufunzi aweze kueleza kwa nini siku zikamilishwe hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu, kwa sababu hapo ndipo mama huacha.

Kipimo cha haraka cha malaria ndicho kinachoharibiwa zaidi na hewa yetu ya pwani. Pakiti hufunguliwa mgonjwa akiwa tayari ameketi, maana unyevu huanza kukiharibu kipimo mara tu kinapofunuliwa. Kidole hupanguswa kwa spiriti na kuachwa kikauke. Damu ikichanganyika na spiriti, tone halishiki. Damu inayohitajika ni mikrolita 5, tone dogo kuliko wengi wanavyodhani, na kuijaza ziada huufunika mstari. Idadi ya matone ya maji ya kipimo hutofautiana aina kwa aina, hivyo husomwa katika karatasi ya aina ile iliyo mkononi. Majibu husomwa baada ya dakika zilizoandikwa humo, 15 au 20, si kabla, na hayasomwi tena baada ya muda kupita. Mstari wa C, unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, usipotokea, kipimo kimekufa na hufanywa kingine. Tena tungependa mtahini aulize jambo lisilomo katika mitaala mingi: kasha la vipimo lilisafiri vipi? Kasha lililoachwa juu ya sitaha ya boti, juani, kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, hadi Kizingitini, limepita joto lililoruhusiwa kabla halijafunguliwa. Lifunikwe, likae kivulini, mbali na injini.

Shinikizo la damu lina adabu yake. Mtu apumzike dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupandana, mkono juu ya meza sawa na moyo, asizungumze. Ukanda ufungwe juu ya ngozi. Mkono wa buibui uliokunjwa ukabana juu ya kiwiko hubadilisha kipimo, na ukanda mdogo kwa mkono mnene hupandisha nambari. Kwa hiyo mkufunzi apange darasa lake mapema: awepo mwanamke wa kuwapima wanawake, na pawe na pazia. Hili si la heshima peke yake. Ni la usahihi. Hupimwa mara mbili, dakika moja au mbili kati yake, na ikifika 140 kwa 90 mtu huelekezwa kituoni kwa fomu. Haambiwi ana ugonjwa.

Kwa sukari, inayopimwa katika kituo hicho hicho, tutataja machache. Vidole vioshwe kwa sabuni na kukaushwa. Mtu aliyetoka kula tende au halua akidungwa bila kunawa, mashine husoma sukari ya kidoleni. Kichupa cha vijiti kifungwe mara kijiti kinapotolewa. Sindano iingie katika kasha la vitu vyenye ncha kali papo hapo, na mwombaji anayeiacha mezani aanguke kituo kizima hata kama mengine yote ameyafanya sawa.

Kituo cha sita kiwe cha taarifa. Daftari la kaya la MOH 513, la huduma la MOH 514, muhtasari wa MOH 515 na fomu ya rufaa ya MOH 100 ndio uti wa mgongo wa kazi hii, na sasa taarifa zinahamia katika simu kupitia mfumo wa eCHIS. Kosa la kawaida katika madaftari ni kuhesabu kaya kadhaa kama kaya moja pale nyumba moja ya Lamu inapokaliwa na mama, binti zake na waume zao, kila mmoja na jiko lake. Mkufunzi afundishe kaya ni nini kabla ya kufundisha safu za kujaza. Kosa la simu ni jingine: mfumo huhifadhi taarifa ndani ya simu pasipo mtandao, nazo hupanda mtandao unapopatikana. Mhamasishaji wa Kiwayu au Basuba akibadilisha simu kabla taarifa hazijapanda, kazi ya wiki imepotea. Jambo dogo, dakika mbili kulifundisha, na taarifa ya mwezi mzima inategemea hilo.

Tungeongeza swali moja la mdomo kuhusu maji, kwa kila anayetaka kufundisha pwani hii. Mwaka 2004 Lamu ilipigwa na chikungunya, ugonjwa unaoenezwa na mbu, wakati wa ukame, na uchunguzi wa damu uliofuata ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya watu wa mji waliambukizwa. Mbu wake hazaliani katika vinamasi. Huzaliana katika maji safi yaliyowekwa nyumbani, katika mabirika ya kuhifadhia maji, mitungi na madumu yasiyofunikwa, na huuma mchana, wakati hakuna aliye chini ya chandarua. Ukame ndio unaowafanya watu wahifadhi maji zaidi. Mkufunzi anayefundisha mbu mmoja tu, wa malaria, anawaacha wahamasishaji wakitazama shimo la taka nje huku mbu wanaanguliwa ndani ya birika. Pia ajue kutengeneza maji ya klorini ya asilimia 0.5 kutokana na dawa ya asilimia 3.5: sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji. Ajue hesabu yenyewe (gawanya 3.5 kwa 0.5, toa 1), kwa sababu dukani nguvu ya dawa hubadilika na aliyekariri atakosea siku chupa itakapobadilika.

Hayo ni ya mkono. Upande wa ualimu, mwombaji alete azimio la kazi la kozi nzima na maandalio ya masomo matatu aliyoyaandika mwenyewe, na moja katika hayo alifundishe kwa dakika 30. Tunachotaka kionekane ni mpangilio huu: afanye kazi yote kimya wanafunzi wakitazama, airudie akieleza kila hatua, kisha mwanafunzi amweleze yeye hatua huku akizifanya kama anavyoambiwa, mwisho mwanafunzi afanye mwenyewe. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa siku zote, na ndiyo inayofichua aliyekariri bila kuelewa.

Hapa linaingia suala la idadi, nalo hatuwezi kulipitia haraka. Mwanafunzi mmoja kutazamwa akifanya kazi moja na kusahihishwa huchukua kama dakika kumi. Darasa la watu 30 na mkufunzi mmoja ni dakika 300, yaani saa tano kwa kazi moja, kila mtu akipata zamu moja. Kazi sita ni saa 30, kabla hujafundisha mawasiliano, uongozi wa kijiji, chanjo, wala huduma kwa mama mjamzito. Ndiyo maana mafunzo ya msingi yanayobanwa katika siku kumi huishia katika hotuba: mkufunzi hufanya mara moja mbele ya darasa, wawili watatu wa mstari wa mbele hujaribu, wengine hupewa cheti. Leseni ya mkufunzi iambatane na sharti kwa mwenye kumwajiri, awe chuo, kaunti au mradi: katika masomo ya vitendo wanafunzi wasizidi kumi kwa mkufunzi mmoja, na seti moja ya vifaa isigawiwe zaidi ya watano. Vifaa vya kutumika vihesabiwe kabla. Wanafunzi 20, kila mmoja akipima sukari mara tatu, ni vijiti 60, na kasha la vijiti 50 halitoshi. Vipimo vya malaria, kila mmoja mara mbili, ni 40, basi yanunuliwe makasha mawili ya 25. Bajeti isiyo na hesabu hii irudishwe kwa aliyeiandika. Kumtaka mkufunzi leseni kisha kumpa darasa la watu 45 na mashine moja ni kumdhulumu yeye na kuwadhulumu wanafunzi.

Mtihani ufanywe kwa Kiswahili. Mhamasishaji anafanya kazi kwa Kiswahili, na Basuba kwa Kiaweer, na kwengineko Witu kwa Kipokomo au Kiorma. Neno homa peke yake linatosha kuonyesha uzito wa jambo hili: kwa mtu mmoja ni mwili kuwa moto, kwa mwingine ni malaria, kwa wa tatu ni mafua. Mkufunzi aliyesomea yote kwa Kiingereza na hajawahi kuyafundisha kwa lugha ya wenyewe atawafundisha wahamasishaji kuuliza "ana homa?" na kuandika jibu. Mwenye ujuzi atawafundisha kuuliza mwili ulianza kuwa moto lini, na kutumia kipimajoto.

Tunajua mtachelea kwamba masharti haya yatapunguza wakufunzi huku ambako tayari ni wachache. Yatawapunguza kama njia ya kuingilia itakuwa moja tu. Kaunti hii ina wauguzi waliostaafu na maafisa wa afya ya umma wenye vyeti vya zamani, walioizunguka Pate, Ndau na Mkunumbi kwa miaka, wanaofundisha vizuri na hawana diploma. Utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, unaosimamiwa na mamlaka ya sifa za masomo KNQA, uwafikie. Wapite vituo vile vile sita, kwa kiwango kile kile. Atakayefaulu mikono lakini akakosa ualimu apewe leseni ya muda na kozi fupi ya ualimu, jioni au kwa njia ya mtandao, na asimamiwe na mkufunzi mwenye leseni kamili mpaka aikamilishe. Atakayeanguka kituo kimoja arudie kituo hicho tu baada ya wiki nne.

Watahini wawe wawili: mmoja wa fani, aliyesajiliwa na baraza lake la taaluma, na mmoja wa ualimu. Kamwe asiwe aliyemfundisha mwombaji wala anayemwajiri. Matokeo yaandikwe siku hiyo na mwombaji apewe nakala yenye makosa yake, kituo kwa kituo. Sajili iwe wazi kwa kila mtu, yenye nambari ya leseni, kazi ambazo mkufunzi amepimwa nazo, na tarehe ya mwisho. Mradi ukija Faza kutafuta mkufunzi wa lishe, umwone mwenye kituo cha lishe katika leseni yake. Na kila leseni inapohuishwa, vituo viwili virudiwe, mtahini akivichagua bila kumwarifu mtu mapema.

Kuhusu kufanyia mtihani Lamu: watahini wawili wakisafiri kuja kwetu ni gharama ya watu wawili. Waombaji 20 wakienda Mombasa au Nairobi ni gharama ya 20, na wa kwanza kubaki nyuma ni mwanamke mwenye mtoto mchanga, ambaye ndiye tunayemhitaji zaidi kwa kuwapima wanawake wenzake. Vituo viwe Amu, Mpeketoni na Faza. Msiweke tarehe Juni wala Julai, kusi likiwa kali. Wala kumi la mwisho la Ramadhani. Wala siku za Maulidi katika Mfungo Sita, mji unapojaa wageni. Kwa Faza muangalie pia maji. Siku za bamvua maji hupwa sana katikati ya asubuhi, na mlango wa Mkanda, njia ya boti ya kwenda Faza, haupitiki mpaka yajae tena alasiri, hivyo mtihani wa saa tatu asubuhi huanza saa kumi. Chagueni siku za maji mafu, yasipopwa sana, Oktoba au Novemba, wakati wa maleleji, bahari ikiwa imetulia. Tukipewa tarehe wiki sita kabla, orodha ya waombaji, vifaa na watoto wa kupimwa, kwa idhini ya wazazi wao, tutaviandaa.

Wenu katika kazi,
Wakufunzi wa kozi za afya ya jamii, Lamu